Mkalimani Baina ya Mvita na Uchina

Ipo ramani moja ya kale ya Kichina, ya njia za baharini, iliyohifadhiwa ndani ya kitabu kikubwa cha mambo ya vita kilichotungwa na Mao Yuanyi katika karne ya 17. Wataalamu wasema kuwa chanzo chake ni cha zamani zaidi, nacho ni safari za jemadari Zheng He. Ukiifuata njia iliyochorwa humo tangu bandari za Uchina, ukapita Bara Hindi na kuendelea hadi upande wa Afrika, utakuta majina ambayo mwanafunzi wa Pwani hatashindwa kuyatambua: Mogadishu, Barawa, Malindi. Na miongoni mwake limo jina lililoandikwa kwa alama tatu za Kichina zisomwazo Manbasa. Hilo ni jina la Mombasa yetu, kisiwa cha Mvita.

Wachina hawaandiki kwa herufi za sauti kama sisi. Kila alama ina maana yake, na wakitaka kuandika jina la mji wa kigeni huchagua alama ambazo sauti zake zinakaribia. Basi aliyeiandika Mombasa alichagua alama tatu ambazo, zikisomwa kwa maana, zasema "polepole", "nane" na "mwaga". Bila shaka hakukusudia maana hiyo. Alitaka sauti tu. Lakini jambo hili dogo latuonyesha mapema shida iliyomo katika habari ninayotaka kuieleza. Neno lilitoka midomoni mwa mabaharia wa huku, na lilipofika upande wa pili lilikuwa limevaa nguo nyingine.

Habari za bidhaa zilizopita baina ya Uchina na pwani hii zinajulikana sana. Sahani na bakuli za kauri za Kichina zimefukuliwa katika magofu ya Gedi na Mtwapa, na nyingine zilijengewa ndani ya kuta za makaburi kuwa pambo. Katika jumba la makumbusho lililo ndani ya Ngome ya Yesu, hapo Mji wa Kale, mtoto wa shule aweza kuziona kwa macho yake. Fedha moja ya shaba ya zama za Mfalme Mkuu Yongle ilipatikana Mambrui mwaka 2010, na nyingine katika kisiwa cha Manda mwaka 2013. Biashara haina haja ya maneno mengi. Muuzaji hutaja bei kwa vidole, mnunuzi hutikisa kichwa, na mali hubadilisha mikono. Lakini je, mambo ya dola? Watu wawili wasiojuana lugha wawezaje kuzungumza juu ya wafalme na vita, heshima na deni, nani amtii nani, na nani ni rafiki ya nani? Hilo ndilo swali langu, nami naona kwamba historia ya Mombasa ina mengi ya kulijibu.

Tuanze na Zheng He. Alizaliwa mwaka 1371 katika jimbo la Yunnan, katika jamaa ya Kiislamu, akapanda cheo hata akawa mkuu wa merikebu za Mfalme Mkuu. Baina ya miaka 1405 na 1433 zilifanyika safari saba, na katika safari ya kwanza peke yake walikuwamo watu zaidi ya 27,000. Sasa fikiri idadi ya lugha zilizokuwa njiani mwao! Mfalme Yongle alilijua jambo hilo, na mwaka 1407 alianzisha huko Nanjing chuo cha wafasiri. Kilikuwa na idara nane: Kimongoli, Kitibeti, Kiajemi, Kiburma na nyinginezo za mataifa ya jirani. Idara ya Kiswahili haikuwamo, wala hatuwezi kuwalaumu, maana hata sisi hatukuwa na idara ya Kichina.

Lililotumika basi ni daraja la lugha ya tatu. Miongoni mwa waliosafiri na Zheng He alikuwamo Ma Huan, Mwislamu aliyekuwa mkalimani, ambaye baadaye aliandika kitabu mashuhuri juu ya nchi alizoziona. Tena, jiwe la kumbukumbu la mwaka 1523 katika msikiti mmoja wa mji wa Xi'an lasema kwamba mwaka 1413, kabla ya kutoka katika safari ya nne, Zheng He alimtafuta mwalimu wa dini jina lake Hasan awe mkalimani wake. Kiarabu na Kiajemi zilikuwa lugha za bahari nzima tangu Hormuz hadi Kilwa. Mchina aliyejua mojawapo, na Mswahili aliyejua mojawapo, waliweza kukutana katikati, kila mmoja ametoka nyumbani kwake, na hakuna aliyeingia nyumbani kwa mwenziwe.

Mfano ulio bora wa mazungumzo ya namna hiyo ni yule twiga. Mwaka 1414 twiga mmoja alipelekwa Uchina kutoka Bengal. Mwaka uliofuata, 1415, wajumbe wa Malindi nao walifika na twiga wao. Wachina walikuwa hawajapata kumwona mnyama huyo, lakini walikuwa na mnyama mwingine katika hadithi zao za kale aitwaye qilin, ambaye yasemekana hatokei duniani ila anapotawala mfalme mwenye hekima na haki. Wanahistoria wengine wamedhani kwamba neno la Kisomali la twiga, yaani geri, liliposikika katika masikio ya Wachina lilifanana na qilin. Ikiwa ni sauti au ni umbo la mnyama, au yote mawili, watu wa ikulu walisema huyu ndiye qilin mwenyewe. Twiga wa Bengal alichorwa picha na kuandikiwa sifa, na twiga wa Malindi Mfalme Mkuu mwenyewe alitoka hadi lango la jumba lake kumpokea.

Hapa yatupasa kusimama kidogo. Kwa nini walifurahi hivyo? Yongle hakurithi kiti chake kwa amani. Alimpokonya mtoto wa ndugu yake mwaka 1402 baada ya vita vya miaka mitatu, na wako wanazuoni waliouawa kwa kukataa kumkubali. Mfalme wa namna hiyo alihitaji sana dalili ya kuonyesha kwamba mbingu zimemridhia, na dalili hiyo ikaja kwa miguu minne kutoka Malindi. Watu wa Malindi, kwa upande wao, walitoa zawadi kwa mfalme mwenye merikebu nyingi, kama wafanyavyo watu wa bandari wote wanaopenda bahari iwe salama na biashara iwe nzuri. Wale wa Uchina waliandika kwamba nchi ya mbali imeleta kodi ya utii. Zawadi kwa huyu, kodi kwa yule. Na twiga mwenyewe ni mmoja. Hakuna aliyesema uongo, na huenda wote wawili waliagana wakiwa wameridhika.

Jambo la namna hiyo limeandikwa waziwazi juu ya jiwe moja lililopatikana Galle, katika kisiwa cha Sri Lanka, mwaka 1911. Jiwe hilo liliandikwa Uchina mwaka 1409, kwa lugha tatu. Maneno ya Kichina yanatoa sadaka kwa Buddha. Maneno ya Kitamili yanatoa sadaka kwa mungu wa Wahindu. Na maneno ya Kiajemi yanamsifu Mwenyezi Mungu wa Waislamu. Sadaka zenyewe zakaribiana. Kila msomaji alisoma yale yaliyompendeza, na asiyejua lugha mbili hakuweza kugundua kwamba jirani yake ameambiwa mengine. Ni ustadi mkubwa wa siasa, nami siupuuzi. Hata hivyo, katika kisiwa kile kile Wachina walipigana na mfalme wa huko wakamchukua mateka hadi Uchina mwaka 1411. Kwa hiyo wasemao kuwa Zheng He hakuwahi kutumia upanga wanakosea, ingawa ni kweli kwamba katika pwani yetu hakujenga ngome wala hakuteka mji.

Safari hizo zilikoma mwaka 1433. Miaka 65 baadaye, tarehe 7 Aprili 1498, merikebu nyingine zilitia nanga mbele ya Mombasa. Zilikuwa za Wareno, chini ya Vasco da Gama. Naye alikuwa na mkalimani wake, Fernão Martins, aliyejua Kiarabu. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa, pamoja na pete ya kuwapa amani, na wajumbe wawili wa Wareno wakatembezwa mjini. Lakini wale marubani waliokuwa melini waliruka majini wakakimbia, na Vasco da Gama akaingiwa na shaka. Usiku akawahoji watu wawili aliokuwa amewakamata, na namna ya kuwahoji ilikuwa kuwadondoshea mafuta ya moto mwilini mpaka wakiri kwamba wamepangiwa hila. Habari hizi zimeandikwa na Mreno aliyekuwamo safarini, si na adui zao. Mkalimani alikuwapo, lugha ya tatu ilikuwapo, pete ya amani ilikuwapo. Kilichokosekana hakikuwa maneno. Twalitaja jambo hili kusudi msomaji asije akadhani kwamba kila ugomvi wa mataifa ni ugomvi wa kamusi.

Yaliyofuata yanajulikana: mji ukachomwa moto mwaka 1505, tena mwaka 1528, na mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Kwa muda wa karne kadhaa Mombasa na Uchina hazikuzungumza. Kauri ziliendelea kuja, lakini kwa mikono ya wengine. Hata merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697, ilikutwa na kauri za Kichina ndani yake wapiga mbizi walipoichunguza katika miaka ya 1970.

Mazungumzo yalianza upya kwa njia ya hewani. Wazee wa Mji wa Kale wanaikumbuka vizuri miaka ile ambayo redio ilikuwa ikiwekwa dirishani, na watu wakakaa barazani kusikiliza dunia. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, London mwaka 1957, na tarehe 1 Septemba 1961 ikaingia Peking, kama ulivyoitwa mji wa Beijing wakati huo. Kwa mara ya kwanza Mchina alikuwa akisema na mtu wa Mvita kwa lugha ya Mvita, bila Kiarabu, bila Kiajemi, bila Kiingereza. Miaka 554 ilikuwa imepita tangu kufunguliwa kile chuo cha Nanjing kisichokuwa na idara yetu. Wakufunzi na vijana wa Kichina walijifunza Kiswahili, na Waswahili wengine walikwenda Peking kufanya kazi ya kutafsiri na kusoma habari. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, uhusiano wa kibalozi na Uchina ulifungwa baada ya siku mbili tu.

Hata hivyo, kuijua lugha ya mwenzio ni jambo moja, na kuyapima maneno yake ni jambo lingine. Mwanzoni mwa mwaka 1964 Waziri Mkuu wa Uchina, Zhou Enlai, alikuwa katika ziara ya Afrika. Alitazamiwa kuzuru Tanganyika, Kenya na Uganda. Lakini tarehe 12 Januari yalitokea mapinduzi ya Unguja, na baada ya siku chache askari wakaasi katika nchi zote tatu, mmoja baada ya mwingine. Ziara ya huku ikaahirishwa. Zhou akaenda Ethiopia na Somalia, na huko Mogadishu, mapema mwezi wa Februari, akasema kwamba hali ya mapinduzi katika Afrika ilikuwa nzuri sana.

Neno alilolitumia kwa Kichina ni geming. Asili yake ni ya kale, na maana yake ni kubadilishwa kwa agizo la mbingu: mbingu zimemwondolea mtawala idhini yake na kumpa mwingine. Kwa Wachina wa wakati ule lilikuwa neno pana na lenye heshima, ambalo ndani yake mlikuwamo kumfukuza mkoloni, kugawa mashamba, kusomesha wasiojua kusoma, na hata kujitegemea. Lilipofasiriwa kwa Kiswahili likawa mapinduzi. Na mapinduzi yametokana na kupindua. Kwa mtu wa pwani, kinachopinduka kwanza ni chombo baharini, na waliomo humo huzama. Viongozi wa Afrika Mashariki, ambao wiki mbili tu nyuma walikuwa wameomba askari wa Uingereza waje kuzima uasi, hawakusikia habari ya mashamba na shule. Walisikia kwamba wao ndio watakaopinduliwa. Zhou alilirudia jambo hilo Dar es Salaam mwaka 1965, na Serikali ya Kenya haikupendezwa. Mwaka 1967 uhusiano wa kibalozi baina ya Nairobi na Peking ulishushwa cheo, na kile kitabu chekundu cha maneno ya Mao kikapigwa marufuku nchini. Siwezi kusema kwamba neno moja ndilo lililoleta yote hayo, kwa maana kulikuwa na ugomvi wa vyama, fedha na mashindano ya madola makubwa. Lakini neno lile halikusaidia.

Huku Kenya ikinuna, Tanzania na Zambia zilikuwa zinajengewa reli. Kazi ilianza mwaka 1970, na njia ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikamalizika mwaka 1975. Makumi ya maelfu ya Wachina walifanya kazi humo bega kwa bega na Waafrika wengi zaidi, na wakalimani walikuwa wachache mno. Kazi ya mikono hufundishika kwa mikono. Fundi huinua nyundo, mwanafunzi hutazama, kisha naye huinua. Urafiki wa kweli ulizaliwa katika kambi zile. Lakini nisomapo habari za reli ile naona kuwa mfanyakazi wa kawaida alijifunza maneno ya vyuma, chakula na salamu, na mambo ya siasa yakabaki kwenye mabango na nyimbo. Waliozungumza kwa kina ni wachache, kama wale vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia waliopelekwa Peking kusomea reli, ambao iliwabidi wajifunze Kichina kwanza.

Nchi yetu nayo ilipata reli yake kwa mkono wa Wachina baadaye. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, na abiria ashukaye katika kituo cha Miritini, nje kidogo ya kisiwa, hupokewa na sanamu ya Zheng He. Fedha zake, dola za Marekani zaidi ya bilioni 3, zilikopwa kutoka benki ya Serikali ya Uchina kwa mikataba ya mwaka 2014. Wananchi hawakuonyeshwa mikataba hiyo mpaka Novemba 2022. Ilipotolewa, ilionekana kuwa imeandikwa kwa Kiingereza, kwamba inafuata sheria za Uchina, na kwamba mgogoro wowote utasikilizwa Beijing. Mwenye kukopa na mwenye kukopesha wamekutana tena katika lugha ya tatu, lakini safari hii baraza lenyewe liko nyumbani kwa mmoja wao.

Chuoni ninakofundisha alipata kuwako mwalimu mmoja Mchina, mtu mpole, mwenye umri wa kunizidi kidogo. Kiingereza chake kilikuwa haba, Kichina changu hakikuwako, na Kiswahili alikuwa amekisoma katika kitabu. Siku za Jumamosi tulizoea kutembea Mji wa Kale. Kiswahili cha kitabu kilimtesa hapo. Alisoma kibao cha njia kilichoandikwa Ndia Kuu, akafungua kamusi yake ndogo, akatafuta neno "ndia" asilione, akaniuliza kama ni jina la tajiri fulani. Nikamweleza kwamba Wamvita husema ndia badala ya njia, na "ndoo" badala ya njoo. Akaandika yote kwa alama zake, huku akicheka.

Siku za mwanzo, mazungumzo yetu juu ya mambo ya dunia yalikuwa mafupi na matamu. Tulisimama chini ya kuta za Ngome. Yeye aligusa jiwe akasema, "Wareno, ngome." Kisha akaonyesha bahari, akasema, "Zheng He, hapana ngome. Rafiki." Nami nikajibu, "Rafiki." Tukapeana mikono. Laiti mtu angetupiga picha, ingefaa gazeti. Lakini ndani ya mazungumzo yale hamkuwa na kitu. Maneno kumi huwatosha watu wawili kukubaliana, kwa sababu maneno ya kwanza ambayo kila mgeni hufundishwa ni ya salamu, shukrani na urafiki. Kukataa kwa adabu, kutofautisha, kusema "ndiyo, lakini si hivyo," kwahitaji maneno mengi zaidi, na hayo huja mwisho.

Kwake yalikuja mwaka wa pili. Jioni moja tulikaa barazani kwa muuza kahawa, karibu na Bandari ya Zamani. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja kikombe chake alianza kulalamikia reli na deni lake, na mwenzangu, ambaye sasa aliweza kufuata, akasema kwa sauti ya utulivu, "Lakini Mzee, Kenya mliomba."

Mzee akaweka kikombe chini. "Sisi si waombaji, bwana," akasema.

Mwenzangu akanitazama, hakujua kosa liko wapi. Neno hilo alikuwa amelisoma kwenye karatasi za ofisi, ambako watu huomba kazi, huomba likizo na huomba mkopo, wala hapana aibu. Mzee alisikia ombaomba wa mlangoni. Nikamwambia mzee, "Mzee wangu, alitaka kusema tulikopa." Na kwa mwenzangu nikaeleza tofauti ya kuomba, kukopa na kuazima. Akayarudia mara mbili mbili, kisha akamgeukia mzee: "Samahani, Mzee. Mlikopa. Na aliyekopa hulipa."

"Hapo umesema," mzee akajibu. "Lakini mimi sikukopa. Walikopa wao, na karatasi wakaficha. Huko kwenu, mwanangu, mtu akikopa kwa jina lako bila kukuonyesha karatasi, utamwitaje?"

Mwenzangu alikaa kimya kwa muda, akilitafuta neno. Muuza kahawa alikuwa amesimama na dele lake mkononi, asimimine. Mwishoni mwenzangu alisema kwamba huko kwao pia watu wa kijijini hawaonyeshwi kila karatasi. Mzee akacheka, akamlipia kahawa. Kwa maoni yangu hayo yalikuwa mazungumzo ya kwanza ya siasa niliyoyasikia baina ya Mvita na Uchina, nayo yalianza pale ambapo wale wawili walikosana.

Tangu siku ile tuliweza kubishana. Nilimtajia yule mfalme wa Sri Lanka aliyechukuliwa mateka mwaka 1411, kwa kuwa nilitaka kusikia atasemaje juu ya Zheng He asiyejenga ngome. Akajibu, "Mfalme yule alianza yeye. Alivizia merikebu." Nikamwuliza, "Nani aliyeandika hivyo?" Akafikiri, akasema, "Sisi." Nikacheka, naye hakucheka. Akaniuliza, "Na twiga? Sisi tuliandika kwamba Malindi ilileta kodi. Watu wa Malindi waliandika nini?"

Nilimtajia vitabu tulivyo navyo: tarehe ya Pate, ambayo tunayo kwa nakala za karne ya 19 na 20, habari za Mombasa zilizohifadhiwa kwa Kiarabu, mashairi ya Muyaka, ambaye alizaliwa karne tatu na nusu baada ya twiga kusafirishwa. Juu ya mwaka 1415 hamna hata mstari. Jina la mjumbe wa Malindi, maneno aliyotumwa kuyasema, na lugha aliyoyasema, vyote twavipokea, kama vipo, kwa kalamu ya makarani wa Mfalme Yongle.

Mwenzangu alitoa daftari lake, lile aliloandikia ndia na ndoo, akaniuliza neno gani la Kiswahili linalotumika kwa karani asikiaye upande mmoja tu. Nilimwambia kwamba sijui kama lipo. Akaacha mahali wazi katika ukurasa, tukaenda zetu kupanda gari Makadara.